Uchumi na vita katika Afrika ya Mashariki, 1914–1918

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia katika Afrika ya Mashariki (Agosti 1914 – Novemba 1918) ilikuwa mapambano kati ya Ujerumani kwa upande mmoja na Uingereza, Ubelgiji na Ureno kwa upande mwingine. Yalipiganwa hasa katika nchi ambazo leo ni Tanzania, Kenya, Rwanda, Burundi, Msumbiji, Malawi na Zambia. Makala hii haisimulii mapigano yote. Inaeleza jinsi hali ya uchumi wa eneo hili ilivyoamua namna vita vilivyoendeshwa: nani alibeba silaha, nani alibeba chakula, majeshi yalitembea kwa kasi gani, na kwa nini wengi wa waliokufa hawakuwa askari bali wapagazi.

Uchumi na namna ya kupigana

Wazo kwamba jamii hupigana kwa kufuata jinsi inavyojitafutia riziki ni la zamani. Mwanauchumi Mskoti Adam Smith alilieleza katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1776 kuhusu utajiri wa mataifa. Wafugaji, alisema, wanaweza kwenda vitani wote pamoja na mifugo yao, kwa sababu riziki yao hutembea. Wakulima wanaweza kupigana kati ya kupanda na kuvuna, maana shamba husubiri kidogo. Lakini fundi anayeacha karakana yake hapati kitu siku hiyohiyo. Kwa hiyo nchi ya viwanda na biashara hulazimika kuwalipa na kuwalisha askari wake kwa fedha za serikali, na vita vyake huwa vya gharama kubwa.

Mwaka 1914 Ulaya ilikuwa na reli kila upande. Reli ziliwezesha mamilioni ya watu kulishwa mahali pamoja kwa miaka, ndiyo maana majeshi ya huko yaliweza kukaa kwenye mahandaki na kurushiana mizinga. Kabla ya shambulio la Somme la mwaka 1916, Waingereza walifyatua zaidi ya makombora milioni 1.5 kwa muda wa wiki moja tu. Katika Afrika ya Mashariki watawala walikuwa walewale, lakini uchumi uliokuwa chini ya miguu yao ulikuwa mwingine kabisa.

Kabla ya 1914

Katika karne ya 19 biashara ya pembe za ndovu na watumwa kati ya pwani na bara ilisafirishwa kwa vichwa na mabega ya watu. Nchi nyingi za katikati zilikuwa na mbung'o, mdudu anayeambukiza mifugo ugonjwa wa nagana, hivyo ng'ombe, farasi na punda hawakuweza kutumika kuvuta au kubeba. Wanyamwezi walijulikana sana kwa kazi ya upagazi. Kwao ilikuwa kazi ya heshima: kijana aliyewahi kufika pwani alionekana mtu mzima, na misafara ilikuwa na taratibu zake za ujira, posho na mapumziko. Wapagazi waliweza kugoma, na waligoma.

Biashara hiyo ilibadilisha vita pia. Bunduki ziliingia bara kwa kubadilishana na pembe. Mtemi Mirambo (aliyefariki 1884) alijenga dola yake Unyamwezi kwa kushika njia za misafara kati ya Tabora na Ujiji, kutoza ushuru, na kuwatumia ruga-ruga, yaani vijana wapiganaji walioishi kwa mgawo wa nyara. Jeshi la namna hiyo lisingeweza kuwepo bila njia ya biashara ya kulilisha.

Wajerumani walipoitawala nchi walipigana kwa kushambulia uchumi wenyewe. Wakati wa vita vya Maji Maji (1905–1907), ambavyo chanzo chake kimojawapo kilikuwa kulazimishwa kulima pamba, walichoma vijiji, mashamba na maghala ya chakula kusini mwa nchi. Wengi wa waliokufa waliuawa na njaa. Makadirio ya vifo hutofautiana sana, kutoka 75,000 hadi 300,000.

Reli na mipaka yake

Vita vilipoanza, kulikuwa na reli tatu kubwa katika eneo hili. Reli ya Uganda ilitoka Mombasa hadi Kisumu tangu mwaka 1901. Upande wa Wajerumani reli ya Usambara ilitoka Tanga hadi Moshi, na reli ya kati, yenye urefu wa kilomita 1,250 hivi, ilikuwa imefika Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914, miezi michache tu kabla ya vita. Zilijengwa ili kupeleka mkonge, mpira, pamba na kahawa bandarini. Kwa hiyo zote zilielekea baharini, na hakuna iliyoungana na nyingine. Kusini ya reli ya kati, hadi mto Ruvuma, hapakuwa na reli kubwa hata moja.

Palipokuwa na reli, vita vilifanana kidogo na vya Ulaya. Mnamo Novemba 1914 Waingereza walishusha Tanga askari wapatao 8,000 kutoka Uhindi. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, aliwaleta watu wake kwa treni kutoka upande wa Moshi, akawa na askari kama 1,000 tu, na akashinda. Waingereza walirudi melini wakiacha mamia ya bunduki na risasi zinazokadiriwa kuwa 600,000. Ngano ya nyuki waliowauma askari wakati wa mapigano hayo ni ya kweli, ila wanafunzi huikumbuka kuliko treni, na treni ndiyo iliyofanya kazi kubwa zaidi.

Mwaka 1915 vikosi vidogo vya Wajerumani vilivuka nyika ya Taru bila maji ya kutosha ili kulipua reli ya Uganda. Waingereza nao walijenga reli mpya kutoka Voi kuelekea Taveta, wakaiunganisha na Moshi mwaka 1916. Wajerumani walijaribu kuziba pengo kati ya reli zao mbili kwa kireli chembamba kutoka Mombo hadi Handeni, vigari vikisukumwa kwa mikono ya watu.

Meli iliyoko Ziwa Tanganyika hadi leo ni ushahidi wa uwezo na udhaifu wa reli hizo. Meli Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa masandukuni, ikafika Kigoma kwa treni na kuundwa upya. Ilianza kazi mwaka 1915. Wabelgiji walipokaribia, Julai 1916, mafundi wake waliizamisha wenyewe. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba.

Hesabu ya mzigo

Mara majeshi yalipoiacha reli, kila kitu kilirudi kichwani mwa mtu. Hesabu yake ni rahisi, na msomaji anaweza kuifanya kwenye daftari.

Tuchukue mzigo wa kilo 25, ambao ndio uzito wa kawaida wa mpagazi. Mpagazi anakula kilo moja ya unga kwa siku na kutembea kilomita 20. Akipeleka unga kwa askari walio umbali wa kilomita 100, atatembea siku 5 kwenda na siku 5 kurudi, naye atakula kilo 10. Atakabidhi kilo 15. Askari wakisonga mbele hadi kilomita 200, safari ni siku 20. Atakula kilo 20 na kukabidhi kilo 5 tu. Wakifika kilomita 250, mpagazi atakula mzigo wote njiani na hatakabidhi kitu.

Sasa tuwape askari 1,000 kilo moja kila mmoja kwa siku. Kwa umbali wa kilomita 100 wanahitajika wapagazi wapatao 670 njiani wakati wowote. Kwa kilomita 200 wanahitajika 4,000. Na hapo hatujaweka risasi, mizinga, dawa, mahema, wala mizigo ya maofisa wa Kizungu, ambao kila mmoja alikuwa na wapagazi wake.

Hesabu hii inaeleza mambo matatu yanayowashangaza wanaosoma vita hivi kwa mara ya kwanza. Majeshi yalikuwa madogo kwa nchi kubwa namna ile. Jeshi lililoshinda lilisimama baada ya kila ushindi kwa sababu chakula kilikuwa nyuma. Na kamanda yeyote aliyetaka kupunguza hesabu hiyo alikuwa na njia mbili tu: kuchukua chakula cha wenyeji pale alipo, au kupunguza posho ya wapagazi. Zote mbili zilitumika, na pande zote.

Upande wa Wajerumani

Wajerumani walizingirwa baharini na manowari za Uingereza. Meli mbili tu za mizigo ziliweza kupenya, moja karibu na Tanga mwaka 1915 na nyingine katika ghuba ya Sudi mwaka 1916. Mengine yote yalilazimika kutengenezwa nchini, na hapa koloni la mashamba lilijikuta likijaribu kuwa nchi ya viwanda. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, katika milima ya Usambara, kilitengeneza kwinini kutokana na magome ya mikwinini iliyopandwa huko. Vitambaa vilifumwa kwa mikono. Mpira wa mashambani, ambao sasa haukuwa na mnunuzi, ulitengenezewa matairi ya baiskeli na magari.

Karakana ya reli ya Dar es Salaam ilitengeneza magurudumu ya mizinga 10 iliyotolewa kwenye manowari Königsberg, iliyoangamizwa katika delta ya Rufiji Julai 1915. Karakana ya reli ya Tabora nayo ilipiga sarafu mwaka 1916: za dhahabu ya mgodi wa Sekenke, zenye picha ya tembo, na za shaba nyekundu na njano zilizopatikana kwa kuyeyusha maganda ya risasi na vyuma vingine. Jina la sarafu ndogo za Kijerumani, Heller, ndilo lililotupatia neno hela.

Lakini nchi isiyokuwa na kiwanda cha baruti haiwezi kuifidia risasi iliyokwisha kupigwa. Askari wengi wa Kijerumani walianza vita na bunduki za kizamani zilizotoa moshi mwingi na kuonyesha mpigaji alipo. Mwezi Oktoba 1917, huko Mahiwa karibu na Lindi, Lettow-Vorbeck alipata ushindi uliowagharimu Waingereza watu wengi sana kuliko wake. Hata hivyo ndiye aliyelazimika kuondoka, maana watu na risasi alizopoteza zisingerudi. Mwezi uliofuata serikali ya Ujerumani ilijaribu kumpelekea msaada kwa angani: chombo kikubwa cha gesi L 59 kiliruka kutoka Bulgaria na mzigo wa tani 15 hivi, kikafika anga ya Sudani na kuitwa kirudi. Tani 15 ni mizigo 600 ya mpagazi.

Baada ya hapo alivuka Ruvuma, akaendesha vita vya aina ya zamani kabisa: kuishi kwa kumnyang'anya adui. Ngomano, mnamo tarehe 25 Novemba 1917, aliteka ghala la Wareno akapata bunduki, risasi na chakula. Msafara wake ulikuwa na askari, wapagazi, na pia wake na watoto wa askari, ambao walipika, walibeba na walizaa njiani. Ni jambo la kufikirisha kwamba ofisa aliyefunzwa katika jeshi la kisasa la Ulaya alimaliza vita akiongoza kundi ambalo Mirambo angelitambua. Alisalimu amri Abercorn (leo Mbala, Zambia) tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya.

Upande wa Waingereza na Wabelgiji

Waingereza walikuwa na bahari, viwanda na fedha. Mwaka 1916 Jenerali Jan Smuts alikuja na maelfu ya askari kutoka Afrika Kusini, wengi wao wapanda farasi. Alitaka kumzunguka adui kwa mwendo wa kasi, kama walivyopigana Makaburu nyumbani kwao. Mbung'o hakushauriwa. Farasi, nyumbu na maksai walikufa kwa makumi ya maelfu. Malori yalikuja pia, lakini mvua za mwisho wa 1916 na mwanzo wa 1917 ziligeuza barabara kuwa tope, na Rufiji ikafurika. Askari wa Afrika Kusini zaidi ya 12,000 walirudishwa kwao kwa sababu ya magonjwa, na mahali pao pakachukuliwa na askari wa King's African Rifles, jeshi lililokua kutoka watu wapatao 2,400 mwaka 1914 hadi zaidi ya 30,000 mwishoni mwa vita.

Kwa hiyo dola tajiri kuliko zote wakati ule iliishia kutegemea vichwa vya watu. Tofauti yake na Wajerumani ilikuwa kwamba iliweza kukusanya vichwa vingi zaidi.

Kuandikishwa kwa wapagazi

Kikosi cha wapagazi cha Waingereza, Carrier Corps, kiliundwa mwaka 1914 chini ya Oscar Watkins, ofisa wa utawala wa Kenya. Waswahili walikiita Kariakoo. Mwanzoni walichukuliwa watu wa hiari. Walipopungua, sheria ya mwaka 1915 iliruhusu kuwachukua kwa nguvu, na ujira ukashushwa hadi rupia 5 kwa mwezi. Machifu walipewa idadi ya watu wa kutoa. Mwaka 1917, kabla ya mashambulizi ya mwisho, John Ainsworth alipewa kazi ya kukusanya watu katika Kenya nzima, na zaidi ya watu 100,000 walichukuliwa kwa miezi michache. Wengine walitoka Uganda, Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini, Zanzibar, na katika Tanganyika yenyewe kadiri ilivyotekwa. Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliongoza mwenyewe kikosi cha wapagazi cha misheni yake. Wabelgiji waliwatumia wapagazi wapatao 260,000 kutoka Kongo. Wajerumani nao walikamata watu vijijini, mara nyingi bila kuandika majina.

Upagazi huu haukuwa ule wa Wanyamwezi. Mpagazi wa karne ya 19 alichagua msafara, alijua njia na alikuwa na nguvu ya kukataa. Mwaka 1917 aliyebeba mzigo alikuwa mkulima aliyetolewa shambani kwake, pengine mtu wa milimani asiyezoea joto la bonde, akitembezwa chini ya ulinzi. Upinzani ulikuwapo. Katika Nyasaland, John Chilembwe aliandika kulalamikia Waafrika kufa katika vita visivyowahusu, kisha akaongoza uasi Januari 1915 na kuuawa.

Vifo

Makadirio yanayotumiwa sana ni kwamba upande wa Waingereza pekee uliwachukua wapagazi wapatao milioni moja kwa vipindi mbalimbali, na kwamba takriban 100,000 walikufa. Askari wa upande huohuo waliokufa, wa rangi zote, walikuwa kama 10,000. Wapagazi wachache waliuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na homa ya mapafu.

Chakula chenyewe kilikuwa sababu kubwa. Jeshi lilitoa unga wa mahindi kwa sababu ndio uliosafirika kwa urahisi. Watu waliolelewa kwa ndizi, wali au samaki walipewa unga ambao hawakuujua, mara nyingi bila kuni kavu wala muda wa kuupika ukaiva, na matumbo yao yakaharibika. Kutoka visiwa vya Shelisheli walikuja wapagazi wapatao 800 mwishoni mwa 1916. Baada ya miezi michache zaidi ya 300 walikuwa wamekufa, na waliobaki wakarudishwa. Hali ilianza kuwa nafuu pale tu madaktari walipopata idhini ya kubadili posho na kuweka hospitali za wapagazi.

Vijijini

Jeshi linaloishi kwa chakula cha mahali linahamisha njaa kutoka kambini kwenda kijijini. Wajerumani walipokuwa wakirudi kusini mwaka 1916 na 1917 walichukua nafaka na mifugo, na wasichoweza kubeba walikiharibu. Waingereza na Wabelgiji waliofuata nyuma walichukua kilichosalia. Wanaume hawakuwapo kulima. Wanawake, wazee na watoto walilima walichoweza. Ugogo, ambako pande zote zilichukua ng'ombe, nafaka na watu, mvua zilipokosekana ilikuja njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, ya 1917–1920. Ilifuatwa na homa kali ya mafua iliyoenea dunia nzima mwaka 1918, na miili ya watu waliodhoofika haikuweza kuihimili.

Baada ya vita

Dar es Salaam, kambi ya wapagazi ilikuwa katika eneo ambalo Wajerumani walikuwa wametenga kwa makazi ya Waafrika. Leo ni Kariakoo, soko kubwa kuliko yote Tanzania. Nairobi ina Kariokor yake. Sanamu ya askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927, mahali palipokuwa na sanamu ya gavana Mjerumani Hermann von Wissmann, inamwonyesha askari mwenye bunduki na singe. Ile ya Nairobi ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi.

Nchini Kenya uzoefu wa kukusanya na kuandikisha watu kwa wingi haukupotea. Sheria ya kipande, iliyopitishwa mwaka 1915, ilianza kutekelezwa baada ya vita, na mwanamume Mwafrika alilazimika kutembea na cheti cha kazi shingoni. Kodi ya kibanda ilipandishwa. Malalamiko hayo mawili, kipande na kodi, ndiyo aliyoyabeba Harry Thuku mwaka 1921 alipoanza kuwahutubia watu Nairobi.

Ujira wa maelfu ya wapagazi waliokufa haukulipwa. Serikali ilisema kwamba warithi wao hawakujulikana, kwa kuwa majina yaliandikwa vibaya au hayakuandikwa kabisa. Maofisa kadhaa wa Kenya, Watkins na Ainsworth wakiwamo, walidai fedha hizo zitumike kwa manufaa ya Waafrika wa nchi walikotoka wapagazi. London ilikataa. Miaka ya 1930 suala hilo lilizungumzwa tena, na jibu likawa lilelile.